Wifi Yangu Koleta Anachagua Chuo

Koleta ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu Samweli. Ukipishana naye barabarani hutageuka. Ni mrefu kidogo, mwembamba, anatembea akiambaa kuta kama mtu anayekwepa jua hata siku ya mawingu. Kwao ni huko ndani ya Igunga, ni Wanyamwezi, wanalima mpunga na kufuga, na katika watoto wa mzee Masolwa ni yeye peke yake aliyefika kidato cha sita. Fizikia inamkaa kichwani kama nyimbo zinavyowakaa wenzake. Mwalimu wake mkuu alimpigia mzee simu siku ya matokeo, na mzee, ambaye si mtu wa maneno, alizunguka zizi lake mara kadhaa bila kazi yoyote ya maana.

Basi Koleta akaenda chuo, na kabla ya Krismasi alikuwa amerudi.

Hakurudi Igunga. Alishuka hapa kwetu Isevya, Tabora mjini, na begi na godoro lililofungwa kamba, akasimama mlangoni akasema, "Wifi, chuo kimenishinda." Nikamwekea maji ya kuoga. Mimi nilidhani ni masomo. Samweli alidhani ni mwanaume, akaniambia nimpeleleze taratibu. Kuuliza sijui sana, nilimpeleleza kwa macho. Miezi ikapita, hatukuona tumbo wala simu ya mtu. Masomo nayo hayakuwa, kwa sababu jioni watoto wa nyumba ya pili walikuwa wanamletea hesabu zao za sekondari, naye anazifanya huku anachagua mchele. Kilichomrudisha hakikujulikana.

Mimi kazi yangu ni kusuka. Niliishia darasa la saba, nikaolewa, nikampata Limbu, na Limbu alipoanza kukaa mwenyewe nikatandika mkeka barazani nikaanza kupokea vichwa. Koleta akawa ananisaidia. Anachambua rasta, ananishikia mtoto, anatengeneza chai. Wateja walimzoea kama unavyozoea stuli. Wanaongea mbele yake mambo yao yote.

Mwezi wa tisa udahili ulipotoka, ujumbe ukaingia kwenye simu yake mara tatu. Alikuwa ameomba upya, hakutuambia. Vyuo vitatu vilikuwa vimemchukua: Mlimani kule Dar es Salaam, Dodoma, na Sokoine ya Morogoro. Ukichukuliwa na vyuo vingi hivyo inakubidi uthibitishe kimoja kwa namba wanayokutumia, na siku ya mwisho ikipita hujathibitisha, nafasi zako wanapewa wengine. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Mzee Masolwa alikuja na mfuko wa mchele akakaa kwenye kiti cha Samweli. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba akamchukua Limbu mapajani. Alikaa muda mrefu anacheza na vidole vya mtoto. Halafu akasema, bila kumtazama Koleta, "Mara ya kwanza nilikusindikiza. Mara hii nitakusindikiza tena. Ukirudi, mwanangu, tutalima mpunga, wala sitakulaumu. Ila huko hatutakwenda mara ya tatu."

Koleta akasema, "Ndiyo, baba."

Nilikuwa namwangalia. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua ncha ya kanga. Nikajua anaogopa, na anachokiogopa si kitabu.

Wiki ile ndipo nilipoanza kusikia maswali yake. Ilikuwa likizo ndefu, wanachuo wako majumbani, na karibu kila binti aliyekalia mkeka wangu alikuwa anasoma mahali fulani. Mtu mwingine angeuliza walimu wakoje, hosteli zikoje, mtihani ukoje. Koleta alikuwa anaacha mpaka nifike katikati ya kichwa, pale mteja anapoanza kusinzia, ndipo anauliza kwa sauti ndogo, "Huko chuoni kwenu, huwa unakula na nani?"

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Paskazia wa Sokoine, anayesoma kilimo. Mtoto mchangamfu, ana kucha fupi na viganja vigumu kama vyetu.

"Nakula na nani?" akasema. "Na yeyote. Kule sisi tunatoka shambani asubuhi tope mpaka magotini, mnaosha miguu bomba moja, mnakwenda kula. Mlikuwa tuta moja, mtakaaje meza mbili?"

"Na kama humjui?"

"Utamjua tu. Chuo chenyewe kimetulia, mlima uko pale, watu wako hapa. Ukivaa gauni jipya asubuhi, jioni mtu wa mwaka wa tatu anakuuliza umelinunua wapi. Kibaya chake ndiyo hicho, huwezi kununa peke yako. Ukinuna wanakuja kukuuliza umenunia nini."

Koleta akacheka kidogo. Paskazia alipoondoka na mistari yake ya twende kilioni, Koleta akaniambia, "Wifi, mimi sitakuwa shambani. Wanaosoma ualimu wa sayansi wanakaa maabara. Bomba la kuoshea miguu nitalipata wapi?"

Nikaokota vipande vya rasta mkekani. Nilikuwa bado nalifikiria lile bomba. Mimi chuo nilikuwa nakiona kama kanisa kubwa, watu wote wanaangalia mbele. Sikujua kuna kuosha miguu.

Shaima alikuja Jumatatu. Baba yake ana duka la vitambaa Kanyenye, Waarabu wa siku nyingi hapa mjini, babu wa babu yake alizikwa hapahapa. Shaima hasukwi barazani. Anaingia ndani, tunateremsha pazia, ndipo anavua mtandio, na nywele zake ni laini zinateleza, mpaka nitie majivu kidogo vidoleni. Anasoma Dodoma, mwaka wa pili. Koleta alikaa kitandani na Limbu, mimi nikakaa juu ya ndoo.

"Dodoma?" Shaima akasema. "Dodoma ni upepo, mwanangu. Upepo na mwendo. Chuo kimegawanywa ndaki ndaki, hii iko kilima hiki, ile iko kule kama kutoka hapa mpaka Ipuli. Nilimaliza sekondari na... aa, wewe humjui. Kuna rafiki yangu wa hapahapa Tabora, yuko ndaki nyingine, mwaka mzima tumeonana kwenye harusi hapa nyumbani, siyo chuoni."

"Sasa unakula na nani?"

"Na chumba. Huko chumba ndiyo ukoo. Sisi wanne. Mmoja Mmakonde, mmoja Mhaya, mmoja wa Pemba. Mhaya anapika ndizi kila siku ya Mungu, tumemsihi, tumelia, hasikii. Ijumaa mimi na wa Pemba tunakwenda kuswali, tukirudi wale wawili wameshapakua. Jumapili wao wanakwenda kanisani, sisi tunapika pilau. Mmakonde anasema alikuja na dini moja ataondoka na mapishi manne."

"Na siku ya kwanza? Nani alianza kuongea?"

Shaima akageuza shingo, nikamrudisha kichwa. "Mbona unauliza kama polisi? Siku ya kwanza mimi niliingia na mama, shangazi na masanduku manne. Mama aligawa halua chumba kizima kabla hata sijajua kitanda changu kipi. Basi. Unataka uje Dodoma? Njoo. Nitakupokea stendi, nitakuombea chumba karibu na changu. Mama atakutuma na halua zangu."

Nilimwona Koleta anapumua. Ule uso wake ulilegea kabisa, kama mtu aliyeambiwa mvua haitanyesha tena. Shaima alipoondoka akasema, "Nitakwenda Dodoma."

"Unaipenda Dodoma?"

"Kuna mtu."

Nikakaa na lile jibu. Jambo moja nililijua ambalo yeye hakujua kama nalijua. Mlimani walimchukua kusoma fizikia yenyewe, siyo ualimu. Tangu yuko kidato cha tano alikuwa anaisema hiyo Mlimani, Samweli ananisimulia, alikuwa anaisema mpaka kaka zake wanamwita profesa wakimtuma kuni. Sasa anaikimbia kwa ajili ya mtu wa kumpokea stendi. Ningemwambia nini? Mimi mwenyewe siku naletwa Isevya na Samweli, simjui mtu, nililia chooni ili asinisikie. Mtu wa kukupokea si kitu kidogo.

Julieth alikuja Jumatano, na alikuwa wa mwisho. Mnyamwezi wa Sikonge, anasoma sheria Mlimani. Ana mdomo, huyo. Alikaa mkekani, akaangalia picha za mitindo kwenye simu yake, akachagua rasta ndogondogo za mchana kutwa, nikajua leo nitasikia.

Na nilisikia. Alisema Mlimani watu hawakai ovyo. Waliosoma shule moja wanajuana tangu geti, wanatembea pamoja kama kuku na vifaranga, na wewe uliyetoka shule isiyojulikana unabaki unawaangalia. Wapo wenye magari, wapo wanaokuja na ndala. Nje kuna vimbweta, yaani meza na viti vya saruji, na kila kikundi kina kimbweta chake, ingawa hakuna kilichoandikwa jina. Ukikalia cha wenyewe hawakufukuzi, wanakuangalia tu mpaka unakumbuka una kazi mahali pengine. Mkopo ukitoka chuo kizima kinanukia kuku wa kukaanga, ukiisha mkubwa na mdogo mnakutana kwenye wali maharage, na ndipo watu wanakuwa wazuri.

Koleta alikuwa anachambua rasta kichwa chini. Niliona anazichambua zilizokwisha kuchambuliwa.

"Kwa hiyo unakula na nani?" akauliza.

"Mimi? Na Mzaramo wangu." Julieth akacheka peke yake. "Yule mwanamke mshenzi sana. Siku nafika tu, bado nimeshika begi, ananiuliza kabila. Nikamwambia. Si akanibebesha ndoo yake ya maji. Panda nayo juu, mpagazi, ndiyo kazi ya babu zako. Nimegeuka, godoro langu kalilalia. Anasema nimtumikie kwanza siku saba ndipo anipishe."

Mkono wa Koleta ulisimama.

"Ukafanya nini?" nikauliza mimi, maana yeye hakuuliza.

"Nilifanya nini? Niliimwaga ile ndoo mlangoni, nikachukua sufuria lake na mchele wake nikapika, nikala, nikamwachia ukoko. Nikamwambia Mzaramo kazi yako ngoma, kacheze upate chakula. Wenzetu wa Moshi mle chumbani wakadhani tutauana. Yule akanikumbatia akaniambia karibu nyumbani, ndugu yangu. Mpaka leo. Nikiumwa anakesha yeye."

"Alikuita mpagazi," Koleta akasema.

"Mpaka leo ananiita. Mtani si ndiyo hivyo? Babu zetu walikuwa wanapita kwao na mizigo kwenda pwani, wanarudi, wanapita tena. Walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali watukanane tu wapeane ugali. Wewe kwenu hawakukuambia Mzaramo ni mtani wako?"

Koleta akasema, "Watani wetu ni Wasukuma."

"Hao wa nyumbani. Njia yote ile ina watani, dada. Ukishuka treni popote mpaka pwani yupo wa kukutukana."

Koleta akaweka rasta chini polepole, akainuka, akaingia ndani. Julieth akaniangalia. "Nimesema nini?"

"Hujasema kitu," nikamwambia. "Kaa, bado upande huu."

Nilimaliza kile kichwa bila kukiona. Limbu alilia, nikamnyonyesha huku nasuka. Julieth alipolipa akaondoka, nikaingia ndani. Koleta alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda.

Akanieleza yote, na hakulia. Kule chuoni alikopelekwa mwanzo walikuwa wanne chumbani. Mmoja akiitwa Zabibu, wa Kisarawe. Siku ya kwanza akamuuliza kabila lake, naye akasema. Zabibu akapiga makofi, akasema mpagazi wangu kafika, akamtwisha begi lake la nguo. Usiku akachukua blanketi la Koleta akajifunika. Asubuhi akafungua asali ambayo mzee Masolwa alimfungia mwanawe, akaila kwa kidole mbele yake, anamtazama, kama anasubiri kitu.

"Alikuwa anasubiri nimrudishie," Koleta akasema. "Mimi nilidhani anaonea watu. Shuleni kwetu walikuwepo wa namna hiyo, tulifundishwa kuripoti. Nikaenda kwa mlezi wa hosteli nikaripoti. Wakamwita. Akarudi, akalikunja blanketi vizuri sana akaliweka kitandani kwangu, akaniambia samahani, dada."

"Halafu?"

"Halafu basi. Hawakunifanyia ubaya wowote, wifi. Walikuwa wananisalimia kama wanavyosalimiana ofisini. Wanapakua sinia katikati ya chumba, wananikaribisha mara moja kwa heshima, nasema nimeshiba. Nageukia ukutani. Siku zote zile nilikuwa najiuliza nina nini mimi ambacho watu hawakipendi. Nikaona kama kiko kwangu, chuo chochote nitakwenda nacho."

Nilimkumbuka kwenye msiba wa mama yao. Wakati ule nimeolewa juzi tu. Watani wa Kisukuma walikuja wakakamata majembe, mmoja akajilaza kaburini akasema marehemu alikuwa anataka kumpa ndama na hatoki mpaka apewe, na Koleta, machozi yanamtiririka, alikuwa anacheka anamvuta mguu. Utani alikuwa anaujua. Aliujua kwenye msiba, kwa watu aliozoea sura zao. Hakujua kwamba unaweza kumkuta mlangoni pa hosteli, umevaa suruali ya jinzi.

"Namba yake unayo?" nikauliza.

"Sikuifuta."

"Mpigie."

"Nimwambie nini?"

Nikaokota simu yake nikampa. Alikaa na simu mkononi mpaka nikapepeta mchele nikaubandika jikoni. Niliporudi alikuwa ameiweka sikioni, inaita, na akabonyeza spika ili na mimi nisikie. Nadhani hakutaka kuwa peke yake.

"Haloo," ikasema sauti. Nyuma yake kulikuwa na redio.

"Zabibu. Ni Koleta. Mnyamwezi."

Redio ikapunguzwa. "Koleta yupi?"

"Tulikuwa chumba kimoja."

"Nakukumbuka," yule binti akasema. Sauti yake ilikuwa na adabu, na adabu ile ilikuwa baridi. "Hujambo? Nilisikia uliacha."

"Sijambo."

"Haya. Kuna tatizo?"

Koleta akaitazama simu. Zabibu akaendelea mwenyewe, na sasa adabu ikaanza kumtoka. "Maana mara ya mwisho kulikuwa na tatizo nikaitwa ofisini. Nikakalishwa kwenye kiti naulizwa kama mwizi wa kuku. Mimi. Nyumbani kwetu wakija Wanyamwezi babu anatoa kitanda chake, na mimi naulizwa kwa nini nimechukua blanketi la Mnyamwezi. Niliona aibu kumwambia hata mama."

Koleta alinitazama. Nilijua neno gani liko kwenye ulimi wake, nililiona likija. Alikuwa anataka kusema nisamehe. Na mimi, ambaye maisha yangu yote neno hilo ndilo la kwanza mdomoni, nilitaka aliseme, yaishe. Lakini akaifunga midomo. Akavuta pumzi.

"Wewe Mzaramo," akasema, "asali yangu umekula. Blanketi langu umelalia. Sasa unadai na heshima juu yake?"

Nilisikia gari likipita huko Kisarawe. Koleta alikuwa amefumba macho.

Kisha kikatoka kitu kama kikohozi, kikarefuka, na nilipodhani binti wa watu analia nikagundua anacheka, anacheka mpaka anakosa pumzi, anamwita mtu huko ndani aje asikie. "Mpagazi," akasema. "Mpagazi mwana kukosa wewe. Mbona hukuyasema haya siku ile?"

"Siku ile sikukujua."

"Na mimi sikujua kama hujui."

Wakaongea mpaka salio likaisha, na lilipoisha Zabibu akapiga yeye. Mimi nilirudi kwenye wali wangu. Nilisikia kutoka jikoni Koleta akitukana. Hajawahi kutukana kwenye nyumba hii. Alitukana vizuri, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia safari, na kila baada ya tusi anacheka. Limbu, aliyekuwa ananishika gauni, akaanza kucheka na yeye bila kujua sababu.

Alhamisi Koleta hakuchambua rasta. Alikaa barazani na simu. Nilikuwa na mteja, sikumsemesha. Mchana akaniita, akanionyesha kioo.

"Nimeandika namba ya Mlimani," akasema. "Sijabonyeza."

"Na Shaima?"

"Nimempigia. Amesema haya, halua zake nimekosa, na nikipita Dodoma nimpungie mkono, ingawa hatakuwepo barabarani."

"Mlimani Julieth amesema wanakaa kwa vikundi. Utakalia kimbweta cha nani?"

Sikumuuliza kumvunja moyo. Nilitaka kujua kweli. Wiki ile yote nilikuwa nawaona watu wale wote kichwani, wa bomba, wa chumba cha mapishi manne, wa vimbweta, najiuliza ningekuwa mimi ningekaa wapi.

Koleta akafikiri. "Sijui. Nitakalia kimoja, wataniangalia. Nitawauliza wananiangalia nini." Akacheka kwa aibu, akarudi kuwa yule yule ninayemjua. "Naogopa, wifi. Bado naogopa sana. Ila nilikuwa naogopa kwamba ni mimi. Sasa naogopa kawaida."

Akabonyeza. Ujumbe ukarudi kwamba amethibitishwa. Akampigia mzee.

"Baba, nimechagua Mlimani."

"Mlimani ndiyo ile ya zamani uliyokuwa unaisema?"

"Ndiyo hiyo."

"Haya." Ng'ombe walikuwa wanalia upande wa kule. "Na kile kilichokushinda mwanzo?"

"Nilimshtaki mtani wangu, baba. Mzaramo. Kwa mlezi wa hosteli."

Tulisikia ng'ombe tu. Koleta akanitazama kwa wasiwasi. Halafu mzee akasema, "Ulimshtaki Mzaramo ofisini," taratibu, kama anayeionja ile habari. "Mama yako angekuwepo." Hakumalizia, na tulisikia anamsimulia mtu aliye naye kwa Kinyamwezi, na wanaume wawili wazee wakacheka huko zizini mpaka simu ikakatika yenyewe.

Aliondoka mwezi wa kumi, basi la alfajiri. Samweli alikuwa safarini na mzee angepandia njiani, Igunga, nikamsindikiza stendi mimi, Limbu mgongoni. Stendi ilikuwa imejaa wanachuo na mabegi, mama zao wanahesabu vyombo. Koleta alipanda, akakaa dirishani upande wetu. Alikuwa amerudi kuwa mdogo, amejikunyata, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, Mungu wangu, ameshaanza kugeukia ukuta.

Kiti cha pili alikaa msichana mnene kidogo mwenye sweta la shule, Msukuma bila shaka, maana waliomsindikiza walikuwa wanaagana naye kwa Kisukuma. Walipoteremka akaanza kulia. Analia na kamasi, bila kujificha, kama mtoto.

Koleta alimwangalia kwa pembeni. Akaniangalia mimi kupitia dirisha. Mimi sikumfanyia ishara yoyote, sikujua ya kufanya. Nikaona anakaa wima.

"Wewe Msukuma," nikamsikia akimwambia, si kwa sauti kubwa, "unalia nini kwenye basi la watu? Ng'ombe umemwachia nani?"

Yule msichana akageuka, mdomo wazi, machozi yamesimama shavuni. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Kwa muda nilidhani atainuka ahame kiti.

"Nina ng'ombe, ndiyo," akasema. "Nyie Wanyamwezi mna nini? Nyuki?" Akampiga Koleta kofi la bega, la nguvu, mpaka mkoba ukaanguka.

Basi likaanza kurudi nyuma. Koleta alikuwa ameinama anautafuta ule mkoba chini ya viti, na yule mwingine ameinama naye, na dirisha lao likabaki tupu mpaka basi lilipofika barabarani.